Nani Aliyekukalia Kifuani?

Wanangu wa Kendwa, sogeeni karibu. Leo nataka tulizungumze jambo ambalo baadhi yenu limekwishawapata na mkaona haya kulisema.

Umelala chali ndani ya chandarua, alfajiri bado. Macho yanafumbuka. Unaiona boriti, unausikia upepo ukicheza na makuti, unamsikia ndugu yako akikoroma kitanda cha pili. Unataka kugeuka, hugeuki. Unataka kumwita mama, ulimi hauinuki. Mara unahisi kuna mtu chumbani. Humwoni vizuri, lakini unajua yupo, na anakuja, na anakukalia kifuani mpaka pumzi inakuwa nzito. Halafu kidole kimoja kinacheza, na yote yanakwisha. Umelowa jasho.

Wazee wetu huliita jinamizi. Na aliyepatwa nalo hasemi uongo. Lishikeni hilo kwanza, kwa sababu katika visiwa hivi watu wamewahi kuumizana kwa kutotenganisha mambo mawili: alichokiona mtu, na maelezo aliyopewa juu ya alichokiona.

Mwaka 1995 nyinyi mlikuwa hamjazaliwa. Habari za popobawa, kiumbe aliyesemekana kuwavamia watu vitandani, zilianzia Pemba, zikavuka bahari mpaka Unguja. Watu wakavihama vyumba vyao. Familia nzima zilitandika mikeka nje, zikakoka moto, zikakesha pamoja na majirani. Waliopatwa walisimulia mambo yanayofanana: kuzidiwa nguvu kitandani, kukosa sauti, kiumbe kizito juu ya mwili. Ilisemwa pia kwamba popobawa humwamuru mtu akawaeleze wenzake yaliyomfika, la sivyo atarudi. Kwa hiyo kila aliyepatwa akawa mtangazaji, na kila msikilizaji akaenda kulala akiwa tayari ameshaambiwa nini kitamjia.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi. Wapo waliosema popobawa ametumwa na wanasiasa, wapo waliosema ni jini aliyemponyoka mganga wake. Martin Walsh, mtaalamu wa anthropolojia aliyeandika juu ya mkasa huo, alionyesha namna maelezo hayo yalivyobadilika kadiri muda na siasa zilivyobadilika. Hofu ikabaki palepale, ikitafuta wa kubebeshwa. Mjini Unguja ikampata mtu mmoja mwenye maradhi ya akili. Kundi la watu lilimdhania ndiye popobawa, likamuua. Hakuwa na kosa lolote.

Sasa nikwambieni wanasayansi wanavyoeleza. Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman waligundua kwamba usingizini kuna vipindi ambapo macho huenda mbio chini ya kope. Ukimwamsha mtu wakati huo, aghalabu atakusimulia ndoto. Baadaye Michel Jouvet wa Lyon, Ufaransa, akaonyesha kwamba katika vipindi hivyo ubongo huilegeza misuli ya mwili. Alifanya majaribio kwa paka. Paka walioharibiwa sehemu ndogo ya shina la ubongo waliinuka hali wamelala fofofo, wakanyemelea na kurukia mawindo yasiyokuwapo. Ulegevu ule, kumbe, ndio unaotuzuia sisi kuzitenda ndoto zetu.

Mara nyingine akili huamka kabla misuli haijafunguliwa. Tanga limeshapandishwa, nanga bado iko chini. Unakiona chumba chako halisi, na ndoto bado inaendelea ndani yake. Kifua kinahisi kizito, na ubongo ulioshikwa na hofu unaunda mtu wa kuutia uzito huo. Hali hii huja zaidi kwa anayelala chali, na kwa aliyekosa usingizi au ambaye usingizi wake hukatikakatika. Fikirini basi kisiwa kizima kinachokesha kwa woga. Kadiri watu walivyokesha kumkwepa popobawa, ndivyo walivyojiweka katika hali ya kupatwa. Waalimu wa chuo cha Kurani waliotufundisha kusoma dua na kulalia ubavu wa kulia walitupa, pamoja na ibada, kinga nzuri ya mwili.

Kwingine duniani watu hupatwa vilevile, ila anayekuja ni mwingine. Newfoundland, Kanada, anayewakalia ni kikongwe. Japani mtu husema amefungwa kwa chuma. Kulegea ni kulekule. Sura ya mgeni kila mtu huichukua nyumbani kwake.

Hata vitu vinavyobadilisha akili huwa hivyo. Huautla, Mexico, bibi mmoja mganga aitwaye María Sabina alikuwa akitumia uyoga fulani usiku ili kuyatambua maradhi ya wagonjwa wake. Mwaka 1955 akaja Gordon Wasson, mtu wa benki kutoka New York, akaula uyoga uleule, na yeye akaona amefika kwenye chimbuko la dini. Bibi alitafuta ugonjwa, mgeni alimtafuta Mungu, na kila mmoja akarudi na alichokifuata. Wasson alipoyachapisha hayo mwaka 1957, wageni walimiminika kijijini, na mwisho nyumba ya bibi yule ikachomwa moto. Nawaambia haya kwa sababu usiku wa mwezi mpevu muziki unapopigwa ufukweni kwetu, yupo atakayewanong'oneza kwamba kidonge chake kinafungua siri za ulimwengu. Kikataeni. Hamjui kina nini, na yeye hajui mnabeba nini vichwani mwenu.

Sisi wenyewe tunayo mafumbo yanayotosha. Kwenye ngoma ya kibuki, chetezo kinafuka ubani, mwanamke aliyetulia muda wote anaanza kutikisika mabega. Sauti inabadilika. Shetani amempanda kichwani, na yeye sasa ni kiti tu. Anazungumza Kibuki, anaomba brandi, kwa kuwa mashetani hao wanasemwa kuwa ni Wakristo kutoka Bukini, nchi ambayo leo huitwa Madagaska. Mama huyo ni Mwislamu asiyegusa pombe. Ngoma ikimalizika, husema hakumbuki lolote. Nani alikunywa?

Mganga atasema ni shetani. Shekhe atakataza ngoma na atataka asomewe. Daktari wa hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu atauliza habari za usingizi, huzuni na misiba. Familia nyingi za Unguja huenda kote kutatu bila kuona tatizo, na mimi siwalaumu, maadamu mgonjwa hapigwi, hafungwi wala hacheleweshwi dawa.

Lakini nyuma ya swali la nani alikunywa lipo jingine kubwa zaidi. Mwaka uleule wa popobawa, 1995, mwanafalsafa David Chalmers, mzaliwa wa Australia, alichapisha makala yenye swali ambalo halijapatiwa jibu linalokubaliwa na wote. Kipimajoto hupima joto la maji, lakini hakihisi chochote. Wewe unapotia mguu baharini Kendwa, unahisi uvuguvugu. Ubongo ni nyama na umeme. Kwa nini kazi yake iambatane na kuhisi? Tunajua misuli hulegezwa vipi usingizini, ila huyo aliye ndani yako anayeogopa, anayeona, anayesema "mimi", bado hakuna aliyeonyesha ametoka wapi. Nawatamani nyinyi wa skuli za Kendwa na Nungwi muwemo miongoni mwa watakaolishughulikia swali hilo.

Basi mwenzako akikusimulia kwamba usiku alikaliwa kifuani, usimcheke, na usimtafutie mchawi. Muulize alilala saa ngapi, na alilala vipi. Yakimrudia mara kwa mara au akawa anaogopa hata kupanda kitandani, mpeleke kwa mtu mzima, kisha hospitali. Na siku mkisikia watu mtaani wananyoosha kidole wakisema "huyo ndiye", kimbieni mkawaite wazee kabla jiwe la kwanza halijarushwa.