Koti la Mwizi, Mwizi Hayumo

“Mwalimu, je, ni kweli kwamba wanaochanjwa hutiwa Ebola yenyewe mwilini?” Swali hili aliniuliza mwanafunzi mmoja hapa Kambove, mwezi wa Septemba 2025, ilipotufikia habari kwamba ugonjwa ule umezuka tena, safari hii Bulape katika Kasai. Sikumcheka. Watu wazima wa Beni na Butembo waliuliza vivyo hivyo kati ya mwaka 2018 na 2020, na wako walioikataa sindano kwa hofu hiyo.

Nilimjibu: sivyo. Lakini neno moja halimtoshi mtoto mwenye akili, wala wazazi wake. Basi na tulieleze jambo hili vizuri.

Kirusi cha Ebola kina vazi la nje, na juu ya vazi hilo imesimama protini ya namna moja, mithili ya misumari iliyopigwa katika ubao. Kwa protini hiyo hukamata chembe za mwili wetu, ziitwazo seli, kikaingia ndani. Mwili nao una walinzi wake, nao humtambua adui kwa vazi. Shida ni kwamba wanapokuwa wangali wakijifunza, mara nyingi mgonjwa amekwisha zidiwa.

Wataalamu wa maabara ya serikali ya Kanada, mjini Winnipeg, wakafikiri hivi: tumvike mpita njia koti la mwizi, kisha tumpitishe mbele ya walinzi wa lango wapate kulijua. Mpita njia huyo ni kirusi kingine, kinachowaugua ng'ombe, farasi na nguruwe katika nchi za Amerika, na ambacho ni nadra kumdhuru mtu. Walikivua protini yake ya nje, na mahali pake wakatia jeni, yaani maagizo ya kuitengeneza protini ya vazi la Ebola. Jeni hiyo haikutoka mbali nasi. Ni ya kirusi cha Kikwit cha mwaka 1995, msiba uliowaua watu zaidi ya 240, miongoni mwao masista sita wa Italia waliokuwa wakiwatumikia wagonjwa.

Sasa tazama kinachotokea baada ya sindano. Kirusi hicho huingia katika seli za aliyechanjwa, nazo huyafuata maagizo: huitengeneza protini ya Ebola na kuisimamisha juu ya uso wao, wazi kabisa. Walinzi huiona, huishambulia, huifulia silaha. Ndiyo sababu mtu aweza kupata homa, na kuumwa kichwa na viungo kwa siku chache. Ebola ina jeni saba. Katika chanjo imo moja tu, na kwa moja tu Ebola haiwezi kuzaliwa. Koti limo, mwizi hayumo.

Chanjo hii ilijaribiwa Guinea mwaka 2015, wakichanjwa waliomgusa mgonjwa na waliokutana na hao, ikaonekana kuwa na nguvu. Katika Kivu ya Kaskazini na Ituri walichanjwa watu zaidi ya 300,000. Kazi yenyewe si nyepesi, maana dawa huhifadhiwa katika baridi ya digrii 60 chini ya sifuri au zaidi. Fikiri kuifikisha kijijini kwa pikipiki! Lakini mimi, mwalimu, sisahau kwamba mgonjwa wa kwanza aliyejulikana, huko Yambuku mwaka 1976, alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, na kwamba katika watu 318 waliougua wakati ule walikufa 280. Hawakuwa na chanjo yo yote.

Mwanafunzi wangu hakuridhika upesi. “Na mwizi akibadili koti?” Aliuliza vema. Ebola iliyoingia Uganda mwaka 2022 ilikuwa ya aina ya Sudan, yenye vazi jingine, na chanjo hii haiikingi. Iliporudi Kampala mwanzoni mwa mwaka 2025, siku chache tu baadaye ikaanza kujaribiwa huko chanjo iliyoundwa kwa njia ile ile: mpita njia ni yule yule, koti ndilo jipya.