Kidonda Kimepona, Mkono Haujarudi Kazini

Askari aliyepigwa risasi katika mkono wa kuume, juu kidogo ya kiwiko, hulazwa hospitali, huunganishwa mfupa, hutiwa dawa, na baada ya majuma kadhaa daktari humwambia: "Afande, kidonda kimepona." Hurudi kambini na barua yake mfukoni. Asubuhi ya kwanza, kabla ya gwaride, hugundua jambo ambalo barua ile haikulitaja. Hawezi kufunga vifungo vya shati lake. Kiganja kimelala kutoka kwenye kifundo kama jani la mgomba lililovunjika, vidole havinyooki, na kamba za buti zimemshinda. Mwenzake humfungia, siku ya kwanza kwa mzaha, siku ya tatu kwa kimya. Na siku ya kumi askari huyo huanza kujiuliza kama bado yeye ni askari.

Askari huyu tumemtoa kama mfano tu. Lakini daktari yeyote wa jeshi atakubali kwamba mkono wa namna hiyo ameuona. Risasi au mvunjiko wa mfupa wa mkono wa juu huweza kuumiza mshipa wa fahamu unaoupitia mfupa ule kwa nyuma, na mshipa huo ndio unaoinua kifundo na kunyoosha vidole. Ukiwa umeumia bila kukatika kabisa, huota tena, lakini kwa mwendo wa karibu milimita moja kwa siku. Msomaji na apime mwenyewe urefu wa mkono wake, kisha ahesabu ni miezi mingapi. Je, katika miezi hiyo yote askari akae kitandani akitazama dari?

Hapo ndipo panapomhitaji mtu ambaye wengi wetu hatumjui. Tunamjua daktari, tunamjua muuguzi, na tunamjua yule anayewanyoosha wagonjwa viungo kwa mazoezi. Lakini mtoa tiba kwa vitendo, aliye mtaalamu mwenye elimu na cheti chake, mara nyingi tunampita katika ua wa hospitali tukidhani ni mwalimu wa ususi. Kazi yake ni kumrudisha mtu katika shughuli zake: kuvaa, kula, kuoga, kuandika, kulima, kushika lindo. Mwenzake wa mazoezi hushughulika zaidi na nguvu na mwendo wa kiungo. Yeye huuliza kiungo kile kilikuwa kikifanya nini katika maisha ya mwenyewe, kisha huitumia shughuli ile ile kuwa dawa.

Kazi hii ilikuwapo kabla ya vita, ila ni majeshi yaliyoikuza. Bwana George Barton, msanifu wa majengo wa Marekani, aliugua kifua kikuu, akakatwa sehemu ya mguu, kisha akapooza upande wa kushoto. Alijirudishia nguvu kwa useremala na kwa kulima bustani. Mwaka 1914 alifungua nyumba ya kuwasaidia wengine huko Clifton Springs, katika jimbo la New York, na mwezi Machi 1917 yeye na wenzake wachache wakaunda humo chama cha kwanza cha kazi hii nchini mwao. Miongoni mwao alikuwamo Bibi Eleanor Clarke Slagle, aliyekwisha kufanya kazi na wagonjwa wa akili. Mwezi uliofuata Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza, na kile kilichokuwa fikra ya watu wachache kikawa haja ya jeshi zima.

Waingereza walikuwa wamekwisha kuanza. Mwaka 1916 Bwana Robert Jones, daktari bingwa wa mifupa, alisimamia hospitali ya kijeshi ya Shepherd's Bush mjini London, na ndani yake zikawekwa karakana. Aliyezishughulikia sana karakana hizo alikuwa Manuel, mfalme wa Ureno aliyepinduliwa mwaka 1910 na kuishi uhamishoni Uingereza. Mfalme asiye na kiti akiwatafutia majeruhi randa na bisibisi! Askari aliyekakamaa bega alipewa mbao apige randa. Aliyeshindwa kugeuza kigasha alipewa bisibisi. Aliyeumia kifundo cha mguu aliwekwa kwenye mashine ya kukanyaga. Mtu alitazama ubao wake ukilainika, wala si bega lake likiuma, na bega likafunguka.

Yapasa tuseme hapa kwamba katika miaka hiyo hiyo askari wa King's African Rifles na wapagazi wa Carrier Corps, ambao jina lao limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam, walikuwa wakipigana na kubeba mizigo katika nchi zetu hizi. Karakana za Shepherd's Bush hazikuwa kwa ajili yao.

Vidonda vingine havikuwa vya mwili. Katika hospitali ya Craiglockhart, mjini Edinburgh, walipelekwa maofisa walioharibiwa mishipa na mizinga: wasiolala, wenye kigugumizi, wenye kutetemeka. Mmoja wa madaktari wao, Kapteni Arthur Brock, aliamini kwamba mtu wa namna hiyo amekatwa kutoka katika mazingira yake, na hurudishwa kwa kazi. Mwaka 1917 alimpokea luteni kijana, mshairi Wilfred Owen. Hakumwacha alale na ndoto zake. Owen akawa mhariri wa gazeti la wagonjwa wa hospitali ile, na akapelekwa kufundisha katika shule moja ya mjini. Alipata nafuu hata akarudishwa vitani Ufaransa, na huko akauawa tarehe 4 Novemba 1918, juma moja kabla ya vita kusimama. Hatukitaji kisa hiki kwa kusifu tu. Tiba inayomrudisha askari katika uzima humrudisha pia mahali alipojeruhiwa, na swali hilo limewasumbua wataalamu wa kazi hii tangu siku zile hata leo.

Mwaka huo wa 1918 Marekani ilipeleka wanawake wa kwanza wa kazi hii Ufaransa, katika hospitali ya kijeshi namba 117 huko La Fauche, iliyopokea askari wenye ugonjwa huo huo wa mishipa. Waliwatia askari katika kazi za mbao na metali. Wakubwa wengine wa jeshi walicheka, lakini matokeo yakawanyamazisha, na wanawake wengi zaidi wakaitwa. Walakini hawakupewa cheo, walihesabiwa raia. Iliwabidi wangoje mpaka mwaka 1947, baada ya vita kuu ya pili, ndipo jeshi la nchi ile lilipowapa uofisa kamili. Wanaume nao walikuja kuruhusiwa katika kikosi chao mwaka 1955. Anayedhani kwamba kazi hupata heshima yake siku inapoonyesha faida, na ahesabu miaka hiyo.

Sasa tumrudie askari wetu na mkono wake uliolala. Mtoa tiba kwa vitendo hamwanzishi kwa ususi wala kwa mpira wa kuminya. Humketisha, humwuliza kazi yake, kisha humtengenezea gango, yaani kishikizo kinachoinua kifundo na kukishika kikiwa juu kidogo. Msomaji anaweza kuiona siri yake hapo alipo: kunja kifundo chako kielekee chini kabisa, kisha jaribu kufumba ngumi kwa nguvu. Haifumbiki vema. Inua kifundo, ufumbe tena. Nguvu imerudi. Kumbe vidole vya askari yule havikupoteza nguvu yote ya kushika. Vilikosa mahali pa kusimamia. Kwa gango hilo huweza kushika kijiko na kalamu tangu juma la kwanza, wakati mshipa unaota polepole kwa ndani.

Kisha huivunja kazi moja katika vipande vyake. Kufunga kifungo ni jambo dogo kwa aliye mzima, lakini mtaalamu huona humo mambo mengi: kulishika shati, kukibana kifungo kati ya kidole gumba na cha shahada, kulitafuta tundu bila kulitazama, kusukuma, kuvuta. Kipande kipi kimeharibika? Huanza na vifungo vikubwa kwenye nguo iliyotandikwa mezani, kisha vidogo, kisha shati lililovaliwa mwilini, kisha kola, ambapo macho hayafiki. Humfundisha pia njia za kupita kando. Mkono ulioumia huingia kwanza katika shati na hutoka mwisho. Jambo jepesi hivyo limewaokolea wagonjwa wengi machozi ya asubuhi. Na kwa aliyekatwa mguu, mguu wa bandia ukishakuja, kazi iliyobaki ni kupanda ngazi na ndoo mkononi, kuchuchumaa, kuingia katika basi lililojaa.

Lakini hebu tutazame mtaalamu huyu huipataje elimu yake. Hapa jirani, shule ya Nairobi iliyo chini ya Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, ile ya KCMC huko Moshi, na ile ya Mulago mjini Kampala zimewatoa wengi wao. Mwanafunzi husoma mifupa, misuli na mishipa kama wenzake wa tiba nyingine, tena husoma akili na tabia za watu. Shirikisho la dunia la kazi hii, lililoundwa mwaka 1952, lataka kila mwanafunzi apate si chini ya saa 1,000 za kuwahudumia wagonjwa chini ya msimamizi kabla hajahitimu. Serikali nazo zimeiwekea kazi hii sheria: Uganda huwaandikisha wataalamu wake chini ya sheria ya mwaka 1996 ya taaluma zinazoshirikiana na udaktari, na Kenya ilitunga sheria ya watoa tiba kwa vitendo peke yao mwaka 2017.

Cheti hata hivyo ni mlango tu. Kijana hupelekwa hospitali ya wilaya, pengine akiwa peke yake wa kazi yake, akapewa chumba kilichokuwa stoo. Madaktari humletea wagonjwa waliochoka nao, na kumwambia awape kitu cha kupotezea wakati. Hapo ndipo wengine hukata tamaa, wakahamia ofisini au ng'ambo. Anayebaki hukua kwa njia moja ambayo hatuioni sana katika taaluma nyingine: hujifunza kazi za watu wengine. Huketi na fundi viatu ajue anavyoshika sindano. Huenda shambani aone mama aliyepooza upande mmoja atalishikaje jembe. Humtembelea mgonjwa nyumbani, akapima kizingiti cha mlango na njia ya kwenda chooni. Kila kazi anayoielewa ni dawa mpya katika kabati lake, na baada ya miaka kumi kabati hilo limejaa kwa namna ambayo chuo hakiwezi kuijaza. Wengine hubobea katika mikono, wengine katika watoto, wengine katika wagonjwa wa akili, kama wanaotibiwa Butabika.

Vifaa vikikosekana, huvibuni, na katika hilo wana mfano mzuri wa hapa hapa. Katika miaka ya 1960 daktari Ronald Huckstep, aliyekuwa Mulago, aliwatibu maelfu ya waliopooza kwa polio, na karakana zake zikatengeneza vyuma vya miguu kwa bei ndogo, kwa vitu vilivyopatikana nchini. Yeye alikuwa daktari wa upasuaji, si mtoa tiba kwa vitendo. Lakini njia yake ndiyo njia ya kila mtaalamu wa kazi hii anayengoja kifaa kisichokuja.

Kwa askari na polisi lipo jambo moja la kutenda. Kituo cha jeshi cha Mubende, kinachowatunza askari wa Uganda waliojeruhiwa, chafahamika, na ufundi unaofundishwa mahali pa namna hiyo una faida yake. Lakini mtoa tiba kwa vitendo katika hospitali ya raia, tena kijana wa miaka ishirini na mitano, hajawahi kushika lindo usiku, wala hajawahi kukijaza kitabu cha matukio cha kituo cha polisi huku simu ikilia. Hajui mkanda wa sare hufungwaje, wala mkono gani hufungua lango na upi hubaki huru. Asipoambiwa, atamfundisha sajini mambo ya karani.

Basi askari anayepelekwa kwake na asijibu kwa "ndiyo" na "hapana" kama aliye mbele ya mkubwa wake. Na amweleze zamu yake tangu kuamka hata kulala: nini hubebwa, kwa mkono upi, kwa muda gani, na nini kilichomshinda tangu alipotoka wodini. Akiweza na apeleke shati lake la sare na buti zake siku ile ya kwanza, azitoe mezani. Wakubwa wa vikosi nao wamruhusu mtaalamu aje kambini siku moja atazame, kama anavyokwenda kumtazama mkulima shambani. Na ikiwa kisichofanyika ni usingizi, au mkono unaotetemeka kila mlango unapogonga, hilo nalo ni la kutajwa kwa daktari na kwake yeye, mapema, kabla halijapewa jina la ulevi au utovu wa nidhamu.