Vyuo vya Tabora Vianze na Maandishi Matupu

Kwa miaka mingi, mwandishi wa programu aliyefungua Vim bila kutaja faili lolote, awe Tokyo au Toronto, alikutana na mistari michache katikati ya skrini: jina la programu, toleo lake, na ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Ombi hilo liliwekwa na Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim kwa umma mwaka 1991. Mwaka 1994 alikwenda kujitolea kama mhandisi wa maji na usafi wa mazingira huko Kibaale, kijiji cha kusini mwa Uganda, magharibi ya Ziwa Viktoria, katika eneo ambalo UKIMWI uliacha yatima wengi. Aliporudi kwao aliendelea kuitoa Vim bure, na kila aliyeona faida yake alimwomba awachangie watoto wa Kibaale. Moolenaar alifariki Agosti 2023. Kihariri chake, ambacho kazi yake ni kuandika na kurekebisha maandishi matupu, bado kinatumika kila siku katika kompyuta zinazoendesha benki, simu na serikali.

Kibaale iko upande ulikoelekea mkono wa kaskazini wa njia ya zamani ya misafara. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe, ambako leo ni Tabora, na hapo njia ikagawanyika: mkono mmoja ukaenda magharibi hadi Ujiji, mwingine kaskazini kupitia Karagwe hadi Buganda. Katika ukanda huu mzima, kuanzia Tabora hadi Kigoma na Kagera, vijana wengi sasa wanasomea kompyuta, na walimu wao wanakabiliwa na swali moja: mwanafunzi wa kuandika programu aanze na kihariri cha kawaida, kama walivyofanya wa zamani, au akabidhiwe zana kubwa za kisasa tangu siku ya kwanza? Jibu langu ni kwamba aanze na maandishi matupu, na zana kubwa zifuate baada ya yeye kujua zinamfanyia kazi gani. Nasema hivyo kwa sababu za elimu kwanza. Hali ya umeme na bando inalipa nguvu zaidi jibu hilo, lakini hata vikipatikana vyote kwa wingi, jibu lingebaki lilelile.

Msimbo wa programu ni maandishi tu. Kihariri cha kawaida, kama Notepad iliyokuja na Windows tangu toleo la kwanza la mwaka 1985, au nano na Vim katika Linux, kinaandika maandishi hayo na kuyahifadhi, basi. Zana ya kisasa, kama Android Studio au Visual Studio Code iliyotoka mwaka 2015, hukusanya kazi nyingi mahali pamoja: humalizia neno ulilolianza, hupiga mstari mwekundu palipokosewa, huendesha programu kwa kubofya alama moja, na hukuwezesha kuisimamisha katikati ili ukague kinachoendelea ndani yake. Kazi hizo zote zina thamani, na anayeandika mradi wa maelfu ya mistari bila msaada huo anajitesa. Ninachojadili hapa ni mwanafunzi ambaye bado hajaandika mistari 50.

Mchukue mwanafunzi huyo akiandika kwa lugha ya C programu ndogo inayotoa maneno “Salamu kutoka Tabora”. Akiwa na kihariri cha kawaida, anahifadhi faili kwa jina la salamu.c, anafungua dirisha la amri na kuiita kompaila, programu inayotafsiri msimbo, kwa kuandika: gcc salamu.c -o salamu. Akibonyeza Enter, mambo manne hufanyika kwa mfuatano. Maagizo ya mwanzo, kama lile la kuingiza stdio.h, hushughulikiwa kwanza. Msimbo hugeuzwa kuwa lugha ya asemblia. Asemblia nayo hugeuzwa kuwa lugha ya mashine. Kisha vipande huunganishwa na maktaba za mfumo na kuwa faili moja linaloweza kuendeshwa. Akisahau nukta mkato mwishoni mwa mstari, kompaila itamtajia jina la faili, namba ya mstari na mahali penyewe. Akiita funksheni aliyoitangaza bila kuiandika, kompaila haitalalamika. Lawama itakuja hatua ya mwisho, ya kuunganisha. Hayo ni makosa mawili ya aina mbili, kutoka hatua mbili tofauti, na mwanafunzi aliyeandika amri kwa mkono wake ataanza kuyatofautisha mapema. Aliyezoea kubofya alama ya kuendesha anaona kwamba imekataa. Siku zana yake itakaposhindwa kuipata kompaila, au faili litakapokuwa kwenye folda nyingine, hatakuwa na pa kuanzia.

Historia ya vihariri hivi nayo inatufundisha. Bill Joy aliandika vi, mzazi wa Vim, mwaka 1976 akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Alikuwa akifanya kazi kwa laini ya simu ya kasi ya bodi 300, yaani takribani herufi 30 kwa sekunde. Skrini ya wakati ule yenye mistari 24, kila mmoja ukiwa na herufi 80, ilihitaji zaidi ya dakika nzima kuchorwa upya. Ndiyo maana amri za vi ni fupi mno: x inafuta herufi, dd inafuta mstari, na h, j, k, l zinasogeza kiashiria, kwa kuwa kwenye kibodi ya mashine aliyoitumia vishale vilichorwa juu ya herufi hizo. Zana iliyobuniwa kwa laini dhaifu inafaa hadi leo popote laini inapokuwa dhaifu. Fundi aliyeko Tabora akitakiwa kurekebisha seva iliyoko Dodoma au Dar es Salaam, anaweza kuingia kwa SSH akitumia intaneti ya simu yake, na kinachosafiri ni herufi tu. Visual Studio Code pia inaweza kufanya kazi kwenye seva ya mbali, ila hulazimika kwanza kuweka kijenzi chake huko na hutaka mawasiliano yasiyokatika-katika. Kihariri cha vi utakikuta karibu katika kila seva ya Linux, bila kuweka chochote.

Uzito wa zana nao usipuuzwe. Android Studio inataka kumbukumbu ya GB 8 kwa uchache, na GB 16 ukitaka kutumia simu bandia ndani ya kompyuta, kisha mradi wa kwanza hupakua vijenzi vingi kutoka intaneti kabla ya kuonyesha chochote. Kwa chuo chenye kompyuta za mtumba na umeme usiotabirika, kipindi cha saa mbili kinaweza kuisha mwanafunzi hajaandika neno. Wala si lazima zana iliyokusanya kila kitu iwe nzito: Turbo Pascal ya mwaka 1983 iliweka kihariri na kompaila pamoja katika faili moja lisilofika KB 40. Uzito wa leo ni uamuzi wa watengenezaji wanaowafikiria wateja wenye mashine mpya.

Tanzania inajua gharama ya kununua mtambo kabla ya kuwa na watu wanaoujua kwa ndani. Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mpango wa kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta ulitegemea sana wataalamu wa kigeni, ukashindwa kwa hasara, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, marufuku yaliyochukua miaka mingi kulegezwa. Mashine zilikuja kulaumiwa, ilhali upungufu ulikuwa wa utaalamu wa ndani. Chuo kinachowafundisha vijana vitufe vya zana bila kuwafundisha kilicho chini yake kinarudia kosa hilo kwa kiwango kidogo, darasa baada ya darasa.

Mtu wa Tabora anaweza kunijibu kwa historia ya mji wake mwenyewe. Reli ya Kati ilifika hapo mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mzigo wa kilo 30 hivi, ambao mpagazi wa Kinyamwezi aliubeba kwa safari ya miezi, ukapanda behewa, na hakuna mwenye huruma anayetamani upagazi urudi. Kwa nini basi kijana wa leo abebeshwe mzigo kichwani wakati treni ipo? Hoja hii ina uzito, na kwa mtumiaji ni sahihi kabisa: abiria hana haja ya kujua taruma wala ishara. Lakini mwanafunzi wa programu hasomei kuwa abiria. Tabora hiyohiyo ina chuo cha reli, na kipo kwa sababu wanaoendesha na kutunza reli lazima wajue kilicho chini ya gurudumu. Anayesomea ufundi hupitishwa kwenye kazi ya mkono kwa muda, ili baadaye mashine inapomfanyia kazi hiyo aweze kutambua imeifanya vizuri au imeiharibu.

Pingamizi la pili linahusu heshima. Wapo watakaosema kwamba kuwapa vijana wa magharibi mwa Tanzania kihariri cha mwaka 1976 ni kuwaambia waridhike na makombo, huku wenzao wa Nairobi na Dar es Salaam wakipewa vipya. Nalielewa wazo hilo, na lingekuwa la kweli kama vihariri hivi vingekuwa vya maskini. Sivyo. Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux mwaka 1991 na Git mwaka 2005, amekuwa akitumia kihariri kidogo cha zamani cha MicroEMACS katika kazi ya kusimamia Linux, mfumo ambao simu zote za Android zimejengwa juu yake. Dharau halisi ni kudhani kwamba kijana wa Tabora hawezi kufundishwa zaidi ya kubofya.

Pingamizi la tatu linatoka kwa waajiri: wanataka mtu anayezijua zana za sasa. Ni kweli, na ndiyo maana mhitimu asitoke chuoni bila kuzitumia. Ila tuangalie zana hizo hudumu muda gani. Waandishi wa programu za Android walianza kwa Eclipse. Mwishoni mwa 2015 Google iliacha kuitegemeza zana yake ya Eclipse, na wote wakahamia Android Studio. Menyu na vitufe walivyovizoea vikapotea. Faili, amri, kompaila, maktaba na namna ya kusoma ujumbe wa kosa havikubadilika. Elimu ya miaka mitatu iwekezwe kwanza kwenye vile visivyopotea.

Limebaki suala la akili unde, ambayo sasa inaandika msimbo mzima kwa kuombwa. Wengine wanaona hilo linafunga mjadala. Mimi naona linaupa uzito zaidi, kwa kuwa kazi inahama kutoka kuandika kwenda kukagua, na hakuna awezaye kukagua asichokielewa. Utafiti uliotolewa na taasisi ya METR mwaka 2025 uliwapima waandishi 16 wazoefu wakifanya kazi kwenye miradi waliyoifahamu vizuri. Walipotumia akili unde walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19, ilhali wenyewe waliamini imewaharakisha kwa asilimia 20. Ni utafiti wa watu wachache, na zana hizo zinabadilika kwa kasi. Hata hivyo unatuonya kwamba kujiona una kasi na kuwa na kasi ni vitu viwili. Ikiwa wazoefu walijipima vibaya kiasi hicho, mwanafunzi wa muhula wa kwanza atajipima kwa kipimo gani?

Kwa hiyo napendekeza mpangilio ambao chuo chochote cha Tabora, Kigoma au Shinyanga kinaweza kuuanza bila kununua kitu. Muhula wa kwanza uwe wa kihariri cha kawaida na dirisha la amri: kuandika, kutafsiri, kusoma kosa, kurekebisha. Muhula wa pili uingize Git, ili mwanafunzi ajifunze kutunza historia ya kazi yake na kushirikiana na wenzake, pamoja na kuingia kwenye seva ya mbali. Kuanzia mwaka wa pili, zana kubwa zifunguliwe zote, akili unde ikiwemo, na mwalimu aonyeshe kila alama ya kubofya inasimama badala ya amri ipi. Mtihani nao ubadilike: mtahiniwa apewe programu iliyoharibika na dirisha jeusi la amri, aambiwe aitengeneze na aeleze kilichoharibika. Wengine watalalamika kwamba mwanzo huo ni mgumu na unakatisha tamaa. Mgumu ni kweli, ila ugumu wake unapungua wiki hadi wiki, na kila hatua mwanafunzi anaona alichokifanya kwa mkono wake. Anayeanza kwa wepesi wa zana huahirisha ugumu huo hadi siku ya kazi, wakati mfumo wa hospitali au wa halmashauri umesimama na watu wanamsubiri.