Waliodahiliwa na Waliojisajili: Namna ya Kuzisoma Takwimu za Wanafunzi katika Vyuo Vikuu vya Kibinafsi nchini Kenya

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi takwimu za udahili na usajili wa wanafunzi katika vyuo vikuu vya kibinafsi nchini Kenya zinavyopatikana, na kwa nini tarakimu inaweza kuwa sahihi kabisa na bado ikampotosha anayeisoma. Huenda msomaji akauliza suala hili linaingiaje katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Linaingia, tena kwa mlango wa mbele. Katika chuo kikuu cha kibinafsi karo ndiyo nguzo kuu ya mapato. Idara ambayo haionekani kuwa na wanafunzi wa kutosha haiwezi kuwatetea wahadhiri wake wa muda, sembuse kudai nafasi mpya za kudumu. Mustakabali wa idara ya Kiswahili unaweza basi kuamuliwa kwa jedwali la safu nne ambalo wanaidara wenyewe hawakuliandaa, na ambalo pengine hawakufunzwa kulisoma. Sisi tuliolelewa katika uhakiki wa matini tumezoea kuuliza nani anasimulia, kwa nani na kutoka mtazamo upi. Sioni sababu ya kutoliuliza jedwali maswali hayo hayo.

Istilahi na makundi yanayorejelewa

Katika mazungumzo ya kawaida maneno udahili, usajili na uandikishaji hutumiwa kana kwamba ni visawe. Ofisini, hata hivyo, kuna makundi yasiyopungua manne yanayohesabiwa: walioomba nafasi, waliodahiliwa, walioripoti chuoni, na waliojisajili kwa kozi za muhula. Kila kundi limo ndani ya lile lililolitangulia, na kila hatua hupunguza watu.

Maneno yenyewe yana dokezo. Dahili ni kitenzi chenye asili ya Kiarabu, kutoka mzizi wenye maana ya kuingia; sajili nacho kina asili hiyo hiyo, na kinahusiana na kitabu cha kuwekea kumbukumbu. Lakini mofolojia inatufaa zaidi ya etimolojia hapa. Husema kwamba mwanafunzi amedahiliwa, kitenzi kikiwa katika kauli ya kutendwa, na mtendaji akiwa chuo. Kisha husema kwamba amejisajili, kwa kirejeshi -ji-, na hapo mtendaji ni mwanafunzi mwenyewe (nyuma yake akiwapo mzazi aliyeuza ng'ombe au aliyechukua mkopo wa chama). Kwa hiyo idadi ya waliodahiliwa hutuambia chuo kilitaka nini. Idadi ya waliojisajili hutuambia familia ziliweza nini. Mwandishi wa ripoti anayelitumia neno moja kwa mambo yote mawili hajakosea mtindo tu. Amefuta tofauti kati ya ahadi na malipo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Chuo fulani kinapokea maombi 600 ya programu moja. Waombaji 450 wanapewa barua za udahili, 180 wanaripoti, na 150 wanalipa kiasi cha karo kinachohitajika na kujisajili kwa kozi. Msemaji wa chuo anaweza kutangaza kwa ukweli mtupu kwamba wamedahiliwa wanafunzi 450. Mhasibu wa chuo hicho hicho atapanga bajeti ya watu 150. Uwiano wa waliodahiliwa kwa walioomba ni asilimia 75. Uwiano wa waliojisajili kwa waliodahiliwa ni thuluthi moja tu. Uwiano huu wa pili ndio unaostahili kutazamwa kwanza, na ndio nadra kuuona katika brosha. Kuna vyuo vya Marekani vinavyojivunia kuwakataa waombaji wengi. Kwetu hali ni tofauti, kwa kuwa alama ya wastani ya C+ katika mtihani wa KCSE ndiyo kizingiti cha jumla cha kuingia katika shahada ya kwanza. Aliyekivuka kizingiti hicho na kutimiza mahitaji ya masomo ya programu aghalabu hudahiliwa. Kinachomzuia huja baada ya barua.

Siku ya kuhesabu

Katika kamusi za zamani neno takwimu lilikuwa na maana ya kalenda. Maana hiyo imefifia, lakini ingefaa tuikumbuke, maana hakuna tarakimu ya wanafunzi isiyokuwa na tarehe. Vyuo vingi vya kibinafsi hupokea wanafunzi wapya zaidi ya mara moja kwa mwaka, aghalabu Januari, Mei na Septemba. Anayehesabu Septemba pekee huwaacha wengine nje. Anayejumlisha mihula yote mitatu bila uangalifu naye humhesabu mwanafunzi mmoja mara tatu.

Wako pia walimu walio kazini wanaosoma wakati wa likizo za shule, yaani Aprili, Agosti na Desemba. Kundi hili lilikuwa muhimu mno kwa shahada za elimu, kwani walimu wengi wa shule za msingi walitoka katika cheti cha P1 na kupanda hadi shahada kwa njia hiyo. Hesabu inayofanywa katikati ya Oktoba haiwezi kuwaona darasani. Ikiwa idara ya Kiswahili imewafunza walimu hao Agosti yote, kazi hiyo imefanyika, karatasi zimesahihishwa, lakini jedwali la Oktoba linanyamaza.

Jambo jingine la wakati ni kwamba jumla ya wanafunzi hukawia kuonyesha mabadiliko. Tuseme programu ya miaka minne hupokea wanafunzi 100 kila mwaka. Jumla ni 400. Ikianza kupokea 50, mwaka wa kwanza jumla inakuwa 350, kisha 300, 250, na hatimaye 200. Anayetazama jumla peke yake ataona mteremko mpole, ilhali nusu ya mlango ilikwisha kufungwa tangu mwaka wa kwanza. Kinyume chake ni kweli pia. Programu iliyoanza kufufuka huendelea kuonekana dhaifu kwa miaka kadhaa, na inaweza kufungwa wakati ule ule inapopata nafuu.

Sera iliyobadilisha maana ya tarakimu

Vyuo vikuu vya kibinafsi si vigeni nchini. Chuo Kikuu cha Eastern Africa, Baraton, kilipata hati ya idhini mwaka 1991, cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki mwaka 1992, na Daystar mwaka 1994. Kwa miaka mingi vyuo hivi vilijitafutia wanafunzi. Bodi ya Pamoja ya Udahili (JAB) ilishughulikia vyuo vya umma tu. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 iliiondoa bodi hiyo na kuanzisha shirika la KUCCPS, na pia ikaanzisha Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE), inayovisimamia vyuo vya aina zote mbili.

Mwaka 2016 ndipo serikali ilipoanza kuwapeleka wanafunzi inaowafadhili katika vyuo vya kibinafsi. Wa kwanza walikuwa wapatao 10,000. Tangu hapo jedwali la chuo cha kibinafsi likawa na watu wa aina mbili ambao hawakutenganishwa kila mara: waliojileta na waliopangiwa. Mwaka huo huo matokeo ya KCSE yakaporomoka. Waliopata C+ na zaidi walikuwa takriban 169,000 katika mtihani wa 2015. Katika ule wa 2016 hawakufika 89,000, na 2017 wakawa kama 70,000. Nafasi zilizofadhiliwa zikatosha kila aliyefuzu. Nani basi angelipa karo kamili? Mpango wa wanafunzi wa kujifadhili katika vyuo vya umma ulidhoofika vibaya, na vyuo vya kibinafsi vikawategemea zaidi wanafunzi waliopangiwa na serikali. Fedha za kuwalipia zilichelewa, na madeni ya serikali kwa vyuo hivyo yakafika mabilioni ya shilingi. Kwa hivyo kulikuwa na miaka ambapo ongezeko la wanafunzi katika daftari halikuwa ongezeko la pesa katika akaunti. Mhadhiri aliyeona darasa limejaa na mshahara umekawia hakuwa akiona mambo mawili yanayopingana.

Mfumo mpya wa ufadhili uliotangazwa mwaka 2023 uligeuza maana tena. Kwa wanafunzi walioanza mwaka huo, ufadhili wa masomo wa serikali ulielekezwa kwa vyuo vya umma. Anayechagua chuo cha kibinafsi kupitia KUCCPS anaweza kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), ila ufadhili huo haupati. Kulinganisha waliopangiwa chuo cha kibinafsi mwaka 2019 na waliopangiwa chuo hicho hicho mwaka 2024 ni kulinganisha neno lenye umbo moja na maana mbili. Kwa istilahi zetu, ni homonimu. Na waliofuzu wameongezeka mno, kwani mtihani wa 2024 ulitoa zaidi ya wanafunzi 246,000 wenye C+ na zaidi. Wingi huo wa waliofuzu haupaswi kuchukuliwa moja kwa moja kuwa wingi wa wateja wa vyuo vya kibinafsi.

Mwanafunzi wa Kiswahili huhesabiwa wapi?

Hapa ndipo kiini cha makala haya kilipo. Wanafunzi wengi wa Kiswahili katika vyuo vyetu hawasomi shahada inayoitwa ya Kiswahili. Wanasoma Shahada ya Elimu (Sanaa), kwa sababu Tume ya Huduma za Walimu (TSC) humtaka mwalimu wa shule ya upili awe na masomo mawili ya kufundishia. Kiswahili na Historia, Kiswahili na Dini, Kiswahili na Jiografia: hiyo ndiyo mipangilio tuijuayo sote. Katika daftari la udahili mwanafunzi huyu ni wa Kitivo cha Elimu. Programu yake ina msimbo mmoja, na msimbo huo hautaji Kiswahili.

Tazama linalofuata. Tuseme, kwa mfano wa kubuni tena, kwamba shahada ya sanaa katika Kiswahili ina wanafunzi 9 wa mwaka wa kwanza, na wanafunzi wa elimu waliochagua Kiswahili kama mojawapo ya masomo yao mawili ni 70. Jedwali la programu litaonyesha 9. Anayelisoma kwa haraka atasema idara haina watu. Ukumbi wa mihadhara ya fonolojia una watu 79, na wote wanasahihishiwa na wahadhiri wale wale. Ukimhesabu kila mwanafunzi wa elimu kuwa nusu ya Kiswahili na nusu ya somo lake la pili, idara ina mzigo wa watu 44 wa kutwa. Ukihesabu vichwa, ni 79. Ukihesabu programu, ni 9. Hakuna uongo katika tarakimu yoyote kati ya hizi tatu. Lakini ni moja tu ambayo hufika mezani mwa kamati ya fedha bila mtu kuiitisha, na ndiyo iliyo ndogo kuliko zote.

Baadhi ya wanataaluma hudai kwamba Kiswahili vyuoni kinadhoofika kwa sababu vijana wanakidharau. Huenda dharau ipo, lakini dai hilo haliwezi kuthibitishwa kwa jedwali la programu. Kiswahili ni somo la lazima katika KCSE kwa takriban watahiniwa wote, hivyo mlango wa kustahiki uko wazi kuliko wa masomo mengi. Mwanafunzi wa Fizikia hukwama kwa alama. Wa Kiswahili, mara nyingi zaidi, hukwama kwa karo au kwa hofu ya ajira. Hizo ni sababu tofauti na zinahitaji hatua tofauti. Kubadilisha jina la programu ili livutie, jambo ambalo baadhi yetu tunalipenda sana, hakumlipii mtu karo.

Nadhani idara inapaswa kuwa na daftari lake, hata kama ni faili la kawaida la kompyuta. Daftari hilo lionyeshe idadi kwa somo wala si kwa programu tu, kila muhula, pamoja na walimu wa likizo, waliofanya mtihani, na waliotoweka kati ya usajili na mtihani. Majina hayahitajiki katika ripoti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za watu zitunzwe kwa tahadhari, na idadi inatosha. Kazi hii si ya ofisi ya msajili peke yake. Ofisi hiyo hujibu swali inaloulizwa, na hadi sasa swali hilo huulizwa kwa misimbo ya programu.

Limesalia kundi la uzamili na uzamifu, ambalo mwandishi wa makala haya analijua kwa karibu. Mwanafunzi aliyemaliza kozi na kuingia katika tasnifu hana darasa la kuhudhuria. Akikosa karo ya muhula hajisajili, na asipojisajili hatokei katika hesabu ya muhula huo, ingawa anasoma riwaya zake na kuandika sura yake ya tatu nyumbani. Mihula miwili baadaye anapata pesa, anajisajili, na jedwali linamwonyesha kana kwamba amerudi kutoka safari. Msimamizi wake, ambaye amesoma rasimu zake muda huo wote, katika karatasi hakuwa na mwanafunzi wa kusimamia.