Redio Moja, Milango Sita: Kupanda na Kushuka kwa Tamthilia za Mfululizo katika Nchi ya Majani Chai

Katika kambi za wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Kericho kulikuwa na wakati ambapo redio moja ilitosha milango sita. Mwenye redio aliiweka dirishani, si kwa kujionyesha, bali kwa kuwa betri zilikuwa ghali na majirani walichanga kuzinunua. Mchezo ulipoanza soga zilikatika. Ulipokwisha, kila mtu alikuwa na la kusema juu ya mume mlevi au binti aliyetoroka shule, na aliyesema mwisho ndiye aliyehesabiwa kuwa mjuzi wa yatakayotokea juma lijalo.

Makala haya yanachunguza kupanda na kushuka kwa hadhira ya tamthilia za mfululizo, yaani ile michezo ya redio na televisheni isiyokwisha kwa kikao kimoja, hususan ile iliyofuatwa mchana. Tunaangalia eneo la Kericho na Bomet, ambako mwandishi alilelewa. Hoja yetu ni kwamba takwimu za kushuka hazithibitishi kuwa watu wamezichoka hadithi. Zinaonyesha kuwa saa waliyoimiliki pamoja imegawanyika. Kwa Kiswahili hasara hii si ndogo, kwa maana saa hiyo ilikuwa darasa ambalo hakuna wizara iliyolitengea bajeti.

Ni vyema kwanza tutazame utanzu huu ulikotoka. Tamthilia za aina hii zilianza katika redio za Marekani mnamo mwaka wa 1930 na kuendelea, na zilipewa jina la sabuni kwa sababu kampuni za sabuni ndizo zilizozigharimia. Mchana ulichaguliwa kwa hesabu ya kibiashara: mama wa nyumbani, ambaye ndiye mnunuzi wa sabuni, yuko jikoni na masikio yake yako huru. Mchezo wa The Guiding Light ulianza redioni mwaka wa 1937, ukahamia televisheni mwaka wa 1952, ukaendelea hadi Septemba 2009. Hiyo ni miaka 72 ya hadithi moja. Waliokuwa wakiusikiliza mapajani mwa nyanya zao walifika kuwa nyanya wenyewe. Kilele cha watazamaji kilifikiwa Novemba 1981, pale watu wapatao milioni 30 walipotazama arusi ya Luke na Laura katika General Hospital. Baada ya hapo mteremko ulianza. Wanawake wengi walikuwa wamekwisha kuingia katika ajira za nje ya nyumba, vituo vya televisheni viliongezeka, na mwaka wa 1995 kesi ya O. J. Simpson ilikatiza vipindi vya mchana kwa miezi kadhaa, hata baadhi ya watazamaji wakapoteza mazoea na wasirudi. Mwaka wa 2022 Days of Our Lives iliondolewa kwenye televisheni ya kawaida ikapelekwa kwenye intaneti. Ni kweli kuwa tamthilia mpya ya mchana, Beyond the Gates, ilizinduliwa mwaka wa 2025, lakini ilikuwa ya kwanza ya aina yake katika stesheni kuu za huko tangu mwaka wa 1999.

Maelezo hayo ya Marekani hayawezi kubebwa yalivyo na kutuliwa Kericho. Mama wa Kericho hakuwa jikoni mchana. Alikuwa shambani, kapu mgongoni, akichuna majani mawili na chipukizi chake, na malipo yake yalitegemea kilo ambazo karani angeandika mbele ya mizani. Basi hadhira ya mchana ilitoka wapi? Ilitoka katika mianya ya kazi. Kambini walibaki wafanyakazi wa kiwanda waliokuwa zamu ya usiku, akina mama wenye watoto wachanga, wagonjwa, na wanafunzi waliorudishwa nyumbani kwa karo. Upande wa Bomet, ambako wakulima wadogo hupeleka majani katika viwanda kama Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek, mwanya mkubwa zaidi ulikuwa kwenye kituo cha kununulia majani. Mkulima hufika pale na mzigo wake, kisha humngojea dereva wa lori. Lori huweza kuchelewa kwa saa nyingi, hasa mvua ikinyesha na barabara ikiteleza. Palipo na kungojea kwa namna hiyo, redio ya mtu mmoja huwa ya wote.

Msikilizaji huyo alipewa nini? Sauti ya Kenya, iliyobadilishwa kuwa KBC mwaka wa 1989, ndiyo iliyotawala mawimbi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilirusha mchezo wa redio Ushikwapo Shikamana, uliokopa jina lake kutoka kwa methali, sambamba na mchezo wa televisheni Tushauriane. Yote miwili ilihusu uzazi wa mpango na maisha ya familia. Iliundwa kwa kufuata mbinu ya Miguel Sabido wa Mexico, ambaye aligundua kuwa hadhira haibadilishwi na mhubiri bali na mhusika anayesitasita. Katika mbinu hii kuna mhusika mwema, kuna mwovu, na katikati yao yupo anayeyumba, ambaye huanguka, hujuta, hujaribu tena. Mwanafunzi wa fasihi atatambua mara moja kuwa huyu wa tatu ndiye mhusika mviringo tunayemtafuta katika riwaya. Ushikwapo Shikamana ulirejea mwishoni mwa miaka ya 1990, na miongoni mwa walioushughulikia alikuwa Profesa Kimani Njogu, ambaye wasomaji wa jarida hili wanamfahamu zaidi kwa uhakiki na ufundishaji wa fasihi. Katika miaka hiyohiyo ya 1990 KBC ilirusha Tembea na Majira, mchezo uliochanganya visa vya kijiji na maarifa ya ukulima. Nchini Tanzania, Twende na Wakati ulianza mwaka wa 1993 katika Redio Tanzania, na watafiti wakiongozwa na Everett Rogers waliulinganisha mkoa wa Dodoma, ambao haukuupokea mchezo huo kwa miaka miwili ya mwanzo, na maeneo mengine. Waligundua kuwa matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi pale uliposikika. Ushahidi huo unatosha kumnyamazisha anayedai kuwa michezo hii ilikuwa porojo za kupotezea wakati.

Kwetu, hata hivyo, faida iliyo kubwa zaidi haikuwa katika ujumbe bali katika lugha. Kambi ya chai ilikuwa mkusanyiko wa watu wa mbali: Wakipsigis wenyeji, Wakisii, Wajaluo, Waluhya na wengineo. Kiswahili kilichozungumzwa kwenye mizani kilikuwa cha kazi tu. Kilikuwa na amri, hesabu na matusi ya nyapara, na hakikuwa na njia ya kueleza wivu, aibu, au msamaha unaotolewa shingo upande. Mchezo wa redio ulileta Kiswahili hicho kingine. Mwandishi anakumbuka jirani mmoja, mama mzungumzaji wa Kigusii, aliyeanza kusema "ninakusihi" pale ambapo awali angesema "tafadhali" au asingesema lolote. Hakulisoma neno hilo kokote, kwa kuwa hakujua kusoma.

Kisha ikaja televisheni, nayo ilikuja na sura yake. KTN ilianzishwa mwaka wa 1990 ikavunja ukiritimba wa KBC, na baadaye stesheni nyingine zikafuata. Telenovela za Mexico na nchi jirani zake, zilizotiwa sauti za Kiingereza, zikajaza ratiba kwa kuwa kuzinunua kulikuwa rahisi kuliko kutengeneza mchezo hapa. Katika ukumbi wa burudani wa kambi, au katika duka la soko lenye runinga, hadhira kubwa haikukielewa Kiingereza. Ndipo mwanafunzi wa darasa la saba alipopandishwa cheo akawa mkalimani. Naomba msomaji aniwie radhi nikikaa hapa kidogo, kwani ni mahali ambapo wataalamu wa tafsiri hawajapaangalia vya kutosha.

Mkalimani huyu mdogo hakutafsiri neno kwa neno. Asingeweza, na maneno ya wahusika hayakumngoja. Alisimulia. Tajiri mwenye shamba kubwa la ng'ombe aliitwa "meneja", kwa sababu nyumba yake juu ya kilima, yenye ukoka uliokatwa na mbwa wakali, ilifanana na ya meneja. Mtumishi wa kike aliyependwa na mtoto wa tajiri akawa msichana wa kambini. Mwanasheria mwenye wosia wa siri akawa karani. Mara moja moja mkalimani alijibiwa na hadhira kuwa amekosea, kwamba mwanamke yule hasemi hivyo, utamwonaje analia na wewe unasema amekubali? Hadithi iliyotungwa mbali, ikatiwa sauti ya Kiingereza, ikawa sasa ni hadithi ya Kiswahili ya mahusiano ya kitabaka katika shamba la chai. Hiki, kwa maoni yangu, ndicho kilele halisi cha tamthilia za mchana katika eneo letu, na hakuna utafiti wa hadhira ambao ungeweza kukinasa. Mtafiti huuliza ni nani ana runinga na alitazama nini jana. Hamhesabu aliyesimama mlangoni, wala yule aliyesimuliwa kesho yake kati ya mistari ya michai.

Mteremko haukuwa na sababu moja. Mwaka wa 2000 Kameme FM ilifungua njia ya redio za lugha za kiasili, na mwaka wa 2005 Kass FM ikaanza kutangaza kwa Kikalenjin. Sina kinyongo na stesheni hizi. Mzee wa Bomet aliyekuwa akisikia taarifa za habari kama mgeni alipata kusikia kwa lugha ya mamaye, na hilo ni haki yake. Lakini palipokuwa na redio moja kwa milango sita pakawa na redio sita, kila moja ikisema lugha ya mlango wake. Punde si punde simu ya mkononi nayo ikaja na redio ndani yake, na vifaa vya kutia masikioni vikamaliza kazi.

Sababu ya pili ni chungu zaidi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, vurugu ziliingia hadi ndani ya mashamba ya chai ya Kericho, na wafanyakazi wengi wa jamii nyingine wakakimbia kambi. Baadhi walirudi, baadhi hawakurudi. Hadhira iliyohitaji Kiswahili ili kuelewana ilipunguzwa kwa nguvu. Sisemi kwamba mchezo wa redio ungezuia lolote. Ila inafaa kukumbuka kuwa Rwanda, ambako mchezo wa maridhiano Musekeweya ulianza mwaka wa 2004, mtafiti Elizabeth Levy Paluck aliwapa watu wausikilize katika vikundi kwa mwaka mzima. Aliona kuwa imani zao za ndani hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni fikira zao kuhusu lipi linakubalika hadharani, na wakawa tayari zaidi kutofautiana waziwazi na kushirikiana. Haya ni matokeo ya watu waliosikiliza pamoja. Hapa Kenya The Team, tamthilia ya mwaka wa 2009 kuhusu timu ya kandanda ya vijana wa makabila mbalimbali, ilikuwa na nia kama hiyo, lakini kufikia wakati huo vyumba vingi vilikuwa vimekwisha kufungwa milango.

Aidha, mashine za kuchuna chai zimepunguza idadi ya watu kambini. Mei 2023 waandamanaji waliziteketeza baadhi ya mashine hizo Kericho, na suala la ajira lingali bichi. Kuhama kutoka mfumo wa analogi mwaka wa 2015, kulikowalazimu watu kununua visimbuzi, kulikuwa pigo dogo kwa kulinganisha, ingawa nyumba zilizokuwa na runinga kuukuu zilibaki na sanduku la kuwekea vitambaa vya mapambo.

Mtu atauliza: na Maria je? Ni kweli kuwa tamthilia hiyo ya Kiswahili, iliyoanza mwaka wa 2019 katika Citizen TV, ilifuatwa kwa hamu nchi nzima, ikarithiwa na Zora mwaka wa 2021 na Sultana mwaka wa 2022. Zilionyeshwa jioni, si mchana. Msichana wa Litein aliyekuwa hajaiona bahari alianza kutamka "kwani" kwa mvuto wa Mombasa, nasi walimu wa Kiswahili tulipaswa kufurahi. Tamthilia hizo zilithibitisha kuwa kiu haijakauka. Mchana siku hizi mchunaji huzitazama kwenye YouTube wakati wa mapumziko, kichwa kimeinama chini ya mwavuli, sauti ikiwa masikioni mwake peke yake. Katika hesabu za kampuni huyu ni mtazamaji mmoja kamili, ilhali wale sita wa dirishani walihesabiwa kama redio moja, au hawakuhesabiwa kabisa.

Kazi iliyobaki mikononi mwetu ni ya ukusanyaji. Wanachama wa chama hiki wanaotoka Kericho, Bomet, Sotik na Nandi hurudi nyumbani kila likizo. Wale watoto waliokuwa wakalimani wa telenovela sasa ni watu wazima. Akina mama waliokaa kwenye vituo vya majani wakisikiliza Tembea na Majira bado wanawakumbuka wahusika kwa majina. Kumbukumbu zao zirekodiwe kwa Kiswahili walichozitumia, pamoja na makosa yake, kabla hatujaanza kuandika tasnifu nyingine kuhusu mhusika mviringo. Jirani yule wa Kigusii aliondoka kambini Januari 2008. Mwandishi alimpata kwa simu miaka mingi baadaye, na kabla ya salamu kukamilika alikuwa amekwisha kuuliza iwapo yule binti aliyetoroka shule hatimaye alirudi.