Utafiti Nyanjani na Ubunifu katika Kozi za Shahada ya Kwanza: Mfano wa Dar es Salaam

Swali kuhusu utafiti nyanjani huwatatiza watahiniwa wengi wa Karatasi ya Tatu ya Kiswahili (102/3). Mtahiniwa hutaja hojaji, mahojiano, kuchunza, kushiriki na kunasa sauti kwa pumzi moja. Akiulizwa ni kwa nini mtafiti wa nyimbo za jando angeamua kushiriki badala ya kutumia hojaji, hukwama. Tusimlaumu upesi. Aghalabu mwalimu wake naye alizikariri mbinu hizo chuoni, akazijibu katika mtihani na kuhitimu bila kuketi mbele ya fanani hata mmoja. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba tatizo hili huanzia katika kozi za shahada ya kwanza, na kwamba suluhisho lake liliwahi kujaribiwa hapa hapa Afrika Mashariki.

Katika kozi nyingi, utafiti huahirishwa hadi mwaka wa mwisho, nao uandishi wa kubuni hutengewa kipindi chake cha pembeni. Mwanafunzi huhitimu akiamini kwamba mtafiti ni mtu mmoja na msanii ni mwingine. Hebu tutazame hali ilivyokuwa Dar es Salaam mwaka 1968, wakati chuo hicho kilipokuwa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Makerere.

Mwaka huo, chini ya uongozi wa wanahistoria John Iliffe na Gilbert Gwassa, wanafunzi wa shahada ya kwanza walitumwa katika sehemu zilizopigana Vita vya Maji Maji (1905–1907) dhidi ya Wajerumani. Kazi yao ilikuwa kuwahoji wazee na kuyaandika masimulizi yao. Hesabu yenyewe inaonyesha kwa nini kazi hiyo haikuweza kungoja: kijana aliyekuwa na umri wa miaka 15 vita vilipoanza alikuwa mzee wa miaka 78 mwaka 1968. Ripoti za wanafunzi hao zilikusanywa na chuo, na hadi leo watafiti wa vita hivyo huzirejelea. Sijui kama mhadhara wowote ungewafaa zaidi vijana wale kuliko kule kuketi na mzee aliyeyaona mashamba ya pamba ya kulazimishwa kwa macho yake.

Utafiti huo haukuwa bila dosari. Baadaye wanahistoria, akiwemo Thaddeus Sunseri, waliukosoa kwa kuvitazama vita hivyo kwa miwani ya utaifa. Ulifanywa miaka 7 tu baada ya uhuru wa Tanganyika, nao ukaelekea kutafuta umoja wa taifa katika vita vilivyopiganwa kabla ya taifa lenyewe kuwapo. Nawe mtahiniwa, zingatia jambo hili. Ukiambiwa utaje matatizo yanayoweza kumkabili mtafiti nyanjani, usiishie kwenye barabara mbovu na ukosefu wa fedha. Swali lenyewe huweza kumwelekeza msailiwa kwenye jibu ambalo mtafiti alikuja akilitafuta. Hoja hii haipatikani sana katika miongozo yetu, ingawa ina uzito kuliko nyingi zilizomo.

Tugeukie sasa upande wa ubunifu. Katika chuo hicho hicho na miaka hiyo hiyo, Ebrahim Hussein alikuwa akisomea sanaa za maonyesho. Tamthilia yake ya Kinjeketile ilichapishwa mwaka 1969. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe ni mtu wa historia. Alinyongwa na Wajerumani tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa vichanga mno. Katika tamthilia, hata hivyo, yu hai baada ya mashujaa wake kushindwa. Yumo kifungoni, na anatakiwa akiri kuwa maji yalikuwa uongo. Anakataa.

Msomaji asiyeijua historia ataipita tofauti hiyo bila kuiona. Anayeijua atauliza: mwandishi amepata nini kwa kumrefushia mhusika maisha? Amepata lile fumbo linaloibeba tamthilia nzima, yaani kiongozi anayelazimika kutazama matokeo ya neno alilolizaa mwenyewe. Kinjeketile wa historia hakuishi hadi kuuona mwisho huo. Hapa ndipo tunapouona uhusiano wa utafiti na ubunifu: ni anayeujua ukweli wa tukio anayeweza kutueleza aliubadilisha wapi na kwa nini. Hussein mwenyewe aliweka wazi kwamba mhusika wake ni zao la ubunifu, si nakala ya yule wa historia.

Je, kozi ya leo ingejengwaje kwa misingi hii? Kwa maoni yangu, mwanafunzi wa ualimu aanze kukusanya katika mwaka wa kwanza, na akusanye kidogo: ngano moja au nyimbo mbili za kazi, zikiwa na jina la mahali, tarehe, hali ya uwasilishaji na jinsi hadhira ilivyoitikia. Data hiyo hiyo aichanganue katika kozi ya nadharia, kisha katika kozi ya uandishi aitumie kutunga onyesho au hadithi fupi. Kazi hiyo iambatane na maelezo ya kurasa tatu au nne kuhusu alichokihifadhi, alichokigeuza na sababu zake. Maelezo hayo yapewe angalau nusu ya alama. Bila hayo, mhadhiri hana namna ya kutofautisha ubunifu na uzembe.

Kuna watakaosema kuwa madarasa ya vyuo yamefurika. Ni kweli. Lakini wanafunzi watano kutoka eneo moja wanaweza kukusanya pamoja wakati wa likizo, na kila mmoja akatunga yake. Kizuizi cha kinasasauti nacho kimepungua, kwa kuwa simu nyingi sasa hunasa sauti. Lisilopungua ni wajibu wa kumwomba fanani idhini, kumweleza kazi yake itatumiwaje na kumrudishia nakala.

Nawe mwalimu mwenzangu uliyekwisha kuhitimu, huhitaji kusubiri vyuo vibadilike. Kabla ya likizo ijayo, kipe kidato cha pili kazi moja: kila mwanafunzi alete methali tano kutoka kwa mtu aliyemzidi umri kwa miaka 40, na kando ya kila methali aandike ni lini mtu huyo aliitumia mara ya mwisho na alikuwa akimwambia nani. Safu hiyo ya mwisho ndiyo itakayowapa shida, na ndiyo ya kuanzia mjadala darasani.