Fahamu: Wanajeshi wanavyofunzwa kujaza ndege mafuta angani

Ndege ya kivita ikipungukiwa mafuta mbali na kambi, inaweza kujazwa ikiwa hewani. Jeshi la Anga la Marekani huwafunza wahudumu wa ndege za mafuta, KC-135 na KC-46, katika kambi ya Altus, Oklahoma.

Ndani ya KC-135, mwendesha bomba hulala kifudifudi mkiani, akitazama dirishani na kuliongoza bomba hadi kwenye tundu la ndege iliyo chini yake. Rubani anayepokea mafuta hana budi kushikilia mwendo na umbali uleule.

Mafunzo huanzia kwenye mashine ya kuigiza safari, kisha angani. Kosa huua: Januari 17, 1966, ndege ya kivita B-52 iligongana na KC-135 juu ya Palomares, Hispania, wakafa wanajeshi 7.